Mrithi wa Mashine za Marehemu

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Nina mashine mbili za kuchonga funguo! Hii ya pili nimeipata Milimani, kwenye mnada wa mali ya marehemu mmoja aliyekuwa na duka la vyuma. Watu walipigania friji na makochi kama fisi. Mimi nilisimama kando, mpole, kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe. Ikafika zamu ya mashine. Kimya. Nikainua mkono. Dalali akagonga meza haraka kabla sijabadilisha nia. Wajinga! Hawajui mali.

Nimeibatiza Askofu, kwa sababu ni nzito, ni ya zamani, na haipendi kuulizwa maswali. Waliniambia ilifanya kazi vizuri mpaka siku mwenyewe alipofariki. Sikuuliza alifariki mwaka gani. Nyumbani nimekuta ndani yake kiota cha panya na kipande cha kalenda ya 1994.

Ile ya kwanza, Waziri, iko chini ya kitanda tangu Agosti. Inakula umeme, inapiga kelele, hakuna kazi inayoonekana.

Mama alikuwa mlangoni anachambua omena wake, dagaa wa kuuza sokoni. Mkokoteni ukaingia na Askofu. Mama hakusema neno. Mama akinyamaza, jua simu imeshapigwa Pap Onditi. Huko ndiko anakokaa baba mkubwa Odongo, kaka ya marehemu baba, mwenye kinu cha kusaga mahindi na hakimu wa ukoo mzima. Alinipigia kabla sijanawa mikono. Amesema amechoka kusikia habari za vyuma. Jumapili ya tarehe 23 atakuja Kisumu na kufuli lake mwenyewe. Nikichonga ufunguo mmoja, ukafungua kufuli hilo mbele ya macho yake, nitabaki mjini. Nikishindwa, narudi naye siku hiyo hiyo nikasage mahindi na kulala juu ya magunia.

"Ufunguo mmoja, Mathews. Sijakuuliza miwili."

Mimi, Pap Onditi! Mimi ambaye mtaa mzima wa Manyatta unanijua! Wiki mbili ni nyingi. Mungu aliumba dunia kwa siku sita na hakuwa na mashine.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mchungaji amenipa mkono, kisha akaupangusa wake kwenye Biblia. Ni grisi tu.

Mchana nimemfungua Askofu wote, nikamloweka kwenye dizeli, ndani ya karai la Mama la kuogea. Nimempangusa, nimemrudisha. Zimebaki skrubu tatu na springi moja. Mzungu aliyeitengeneza hakuwa makini. Nimempunguzia makosa.

Mama ameoga kwa dizeli. Hajasema neno.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwasha Askofu. Amezunguka! Sekunde nne, labda tano. Halafu stima ya ploti nzima ikazimika. Wakoli, anayelinda ploti, ametoka na sabuni masikioni akiuliza ni nani. Watoto wote wamenyoosha vidole upande wangu. Nchi haina siri.

Nimeambiwa nikimwasha tena, nitahama mimi na askofu wangu na dayosisi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita soko la Kibuye kununua funguo mbichi, zile ambazo bado hazijakatwa meno. Sikutaka kupita mbele ya kibanda cha Wakhisi. Lakini njia ni moja.

Huyu Wakhisi ametoka upande wa Bungoma, ana mashine moja tu, ndogo, na foleni ya watu. Sielewi foleni hiyo inatafuta nini. Aliponiona akapaza sauti ili wateja wasikie: "Mrithi! Leo nani amekufa?" Eti nikisikia mzee anakohoa, kwanza nauliza kama ana mashine. Wateja wakacheka. Mama mmoja alicheka mpaka akashika nguzo.

Nilimwambia akae akijua kwamba mwezi ujao atakuwa anakuja kwangu kuomba kazi ya kufagia. Akasema sawa, bosi, ila kabla sijakata chochote niweke funguo mbili mbichi zinazofanana, moja kila taya inayobana, nione kama kidole kinachofuata meno ya ufunguo wa zamani na gurudumu linalokata mpya vinagusa kwa wakati mmoja. Visipogusa pamoja, kila ufunguo utatoka na uongo.

Ushauri wa adui! Bure kabisa! Nimeupuuza kabla sijafika barabarani.

Jumatano, 12 Machi

Kinyozi wa jirani amenikubalia nitumie stima yake, mradi nisimwambie Wakoli.

Ufunguo wa kwanza wa stoo ya Mama: haukuingia. Wa pili: uliingia, haukuzunguka. Wa tatu: uliingia, ukazunguka, haukufungua, haukutoka. Tuliuvuta kwa koleo, mimi na kinyozi, na mteja wake aliyekuwa amenyolewa nusu. Wa nne na wa tano sitaki kuwazungumzia marehemu.

Halafu Askofu akatoa moshi. Moshi mweupe, kama kule Roma wanapompata papa. Hapa hatukumpata mtu yeyote. Tulimpoteza huyu tuliyekuwa naye.

Nimekaa kwenye ndoo mpaka jua likahama. Naiona Pap Onditi. Naona unga kwenye kope zangu. Naona baba mkubwa akinihesabia magunia. Yawa, mimi ni wa kufa kijana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefufuka!

Habari zimetoka kwa kinyozi. Yule fundi Obiero, mfalme wa funguo pale stendi ya mabasi kwa miaka thelathini, alifariki mwaka jana. Kesho, nyumbani kwake Kombewa, familia inauza vifaa vyake. Kanisa ndilo linasimamia mnada, pesa zimwezekee mjane wake nyumba. Na mashine ya Obiero ipo! Ile ya kijani! Niliiona nikiwa mtoto, ilikuwa inakata ufunguo kama mtu anakata ndizi mbivu. Nimeshaibatiza Malkia.

Baba mkubwa anakuja na kufuli? Aje na makufuli kumi!

Waziri na Askofu nimewauza kwa watu wa vyuma chakavu, kwa kilo, wote wawili. Niliwapa heshima ya mwisho. Haikutosha. Nikauza redio. Haikutosha. Nikauza kitanda pia, kwa kuwa sasa hakuna kitu cha kuweka chini yake.

Mama amekiona kitanda kikitoka. Hajasema neno. Lakini ameketi.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui niandikeje. Kalamu yenyewe inaona aibu.

Nilifika Kombewa wa kwanza. Hema, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama na vitambaa vyao. Wakhisi naye akafika, na shati jeupe! Alikaa nyuma, akanisalimia kwa kidole kimoja. Kumbe alifundishwa kazi na huyo huyo Obiero. Kila mtu pale alimjua. Mjane, Mama Sylvia, alimshika mikono yote miwili akamuuliza habari za watoto.

Wameuza baiskeli, kabati, jembe. Ikaja Malkia. Mfuniko wake wa bati unang'aa. Nikainua mkono kabla mchungaji wa huko hajataja bei. Wakhisi akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha tena, huku anatabasamu. Nikaona anataka kunivua nguo mbele ya watu. Nikataja kila kitu nilichokuwa nacho mfukoni, pamoja na nauli. Hema lote likasema "Eeeh!" Wakhisi akakunja mikono. Mchungaji akapiga kelele, imeuzwa kwa kijana wetu kutoka Kisumu!

Nimeshinda! Nilicheza hatua mbili. Nilimwonyesha Wakhisi meno yote.

Nikaenda mbele kuibeba. Kwaya ikaanza kuimba. Vigelegele! Nikadhani ni kwa ajili ya uzuri wangu. Mara namwona Mama Sylvia anakuja akicheza polepole, mikono mbele. Mchungaji akatangaza kwamba kijana huyu, kwa moyo wake mkubwa, ameinunua mashine ya mzee na sasa anamkabidhi mama mikononi mwake. Bwana asifiwe!

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mimi niliyezaliwa kanisani! Kuku wa mnada wa kanisa hauzwi mara moja. Unamnunua, unamzawadia mtu, naye anamrudisha mezani, ananunuliwa tena. Nikiwa shule ya Jumapili niliona jogoo mmoja akiuzwa mara sita, mpaka akachoka akalala. Mzunguko wa kwanza ni wa kusifiwa. Wa mwisho ndio wa kubeba. Hata mtoto anajua. Lakini huu ulikuwa mnada wa mali ya marehemu, na akili yangu ilikuwa imebaki Milimani!

Sikuiachia Malkia. Nakiri. Akina mama watatu wa kwaya walinisaidia kuiachia, huku wanaimba.

Mama Sylvia akaibariki, akairudisha mezani, sasa kwa ajili ya madirisha. Mchungaji akasema huu ni mzunguko wa mwisho, atakayeshinda aende nayo. Nikagusa mfuko. Mfuko ukanigusa. Wakhisi akainua kile kidole chake kimoja, akaipata kwa bei ya kuku wawili.

Nilikaa nyuma ya hema, kwenye mawe. Mama Sylvia akanifuata na viazi vitamu na mkebe wa bati. Alisema hajawahi kuona kijana mwenye moyo kama wangu. Nikakubali, ningefanya nini? Ndani ya mkebe mna tupa za marehemu, zile za kuchongea chuma kwa mkono, nane, zimefungwa kwa kitambaa. Aliniambia mzee wake alisema mashine ni ya mwenye haraka na tupa ni ya mwenye mkono. Na mkono wake ulikuwa wa kushoto, alifanya kila kitu kwa kushoto, hata kula, mama mkwe alimchukia kwa hilo. Kisha akanionyesha namna. Unapaka ufunguo mbichi masizi ya koroboi, unausukuma kwenye kufuli, unauzungusha kidogo, unautoa. Pale masizi yalipong'oka panang'aa. Hapo ndipo unapochonga. Kidogo. Halafu tena.

Nilimshukuru. Ndani ya moyo nilikuwa nalia. Ameuza mashine, amenipa vijiti!

Nimerudi mjini kwa lori la mchanga. Wakhisi alikaa mbele na dereva. Malkia nyuma, pamoja nami. Nilimshika ili asianguke.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala sakafuni. Sikuenda kanisani, nimewaona wa kutosha.

Mama amekula viazi vyote.

Alhamisi, 20 Machi

Siku tatu sijaandika. Mtu anayehesabu siku za kuhamia Pap Onditi ana nini cha kuandika?

Leo asubuhi Mama amesema neno. Amenitupia kufuli la stoo, akaweka koroboi mbele yangu, akasema kama nina mkono niutumie, na kama sina aniambie apange nguo zangu mapema. Basi nikakaa. Masizi. Sukuma. Zungusha. Toa. Tazama. Chonga. Nilianza Mama akienda sokoni. Vidole vimechubuka, pua nyeusi, mgongo umekunjika kama wa mvuvi wa kambare. Funguo mbili nimeziharibu. Wa tatu nikaenda nao polepole, maana nilianza kuzielewa zile alama, zilikuwa kama mtu anaonyesha kwa kidole: hapa, bado, hapa.

Mama alirudi nikiwa bado hapo hapo. Nikausukuma. Nikauzungusha.

Ka!

Kufuli likafunguka. Mama akalifunga. Akalifungua. Akalifunga tena, akalifungua tena. Alisimama pale na kufuli mkononi, akaniangalia kama siku ile nilipoanza kutembea, ingawa hiyo siikumbuki. Akasema laiti baba yangu angeliona hili. Akaenda kupika samaki mzima. Si mkia. Mzima.

Nimeshinda dunia!

Lakini nikikaa nafikiri. Siku nzima, ufunguo mmoja? Pua nyeusi mbele ya baba mkubwa? Hiyo ni kazi ya wazee waliokufa. Ningekuwa na Malkia sasa...

Jumamosi, 22 Machi

Nani mwerevu Kisumu? Mimi!

Wakhisi amekuja mwenyewe mlangoni, na mashine kwenye mkokoteni. Amesikia habari za mkebe wa tupa. Akasema yuko tayari kunipa Malkia, nimpe mkebe. Mashine kubwa ya kijani kwa vijiti nane vya chuma! Nilikaza uso nisicheke. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika. Akaniuliza tena kama nina uhakika, omera, ndugu yangu, kesho si ndiyo siku yako? Alikuwa na sura ya mtu anayenunua ng'ombe kwa mtoto. Nikamwambia achukue vijiti vyake upesi kabla sijaghairi.

Akavifungua kitambaa, akavihesabu polepole, akavifunga tena vizuri zaidi. Akasimama akitaka kunieleza jambo kuhusu Malkia, eti mzee aliibadilisha pande zake, kwa sababu ya ule mkono wake. Nikamkatiza hapo hapo. Mimi nimefungua Askofu mpaka tumboni, nifundishwe mashine? Akainua mabega akaenda.

Mama ameuliza mkebe uko wapi. Nimemwambia angalia Malkia inavyong'aa. Mama amerudi kwenye kunyamaza.

Jumapili, 23 Machi

Baba mkubwa ameingia mchana, na kofia yake na kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Ufunguo wake ni mmoja tu, hakuwahi kuwa na wa pili. Majirani wakatoka na viti. Wakoli akanipa stima mwenyewe, aone. Baba mkubwa akaweka kofia yake na nguo za safari ndani ya stoo ya omena, akabana kufuli lake mlangoni, akanipa ufunguo, akakaa. Alisema endelea.

Nikaweka ufunguo wake taya ya kushoto, kama watu wote duniani. Ufunguo mbichi taya ya kulia. Nikafunika mfuniko wa bati, majirani wasije wakaiba siri ya kazi. Nikaiwasha.

Sauti tamu! Malkia alikata kama mtu anakata ndizi mbivu. Nikageuka nikawapungia mkono. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa, ameridhika, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nikafungua mfuniko.

Ufunguo mbichi ulikuwa mbichi vile vile. Mzima. Bikira. Na ufunguo wa baba mkubwa ulikuwa laini kama kijiko.

Obiero alikuwa wa kushoto. Kwake gurudumu linalokata liko upande ambao kwa wengine kipo kile kidole kinachofuata tu, na kwa vile sikupima kama vinagusa pamoja, likala meno yote. Mama Sylvia aliniambia kuhusu mkono. Wakhisi alitaka kuniambia kuhusu mashine. Watu wanaongea sana, mtu atajuaje lipi la kusikiliza?

Omena ndani. Kofia ndani. Nguo za safari ndani. Baba mkubwa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza kwa upole kama kuna fundi karibu.

Mtoto akatumwa Kibuye. Wakhisi akaja na mkebe wangu. Masizi, sukuma, zungusha, toa, chonga. Mkono wake ulikuwa unacheza. Chai ya baba mkubwa haikuwa imepoa. Ka! Kufuli likafunguka, majirani wakapiga makofi, Mama akapiga makofi. Mama!

Baba mkubwa akamuuliza amepata wapi vifaa vizuri namna hiyo. Nilimwomba Wakhisi kwa macho. Aliniangalia kidogo, akasema alinunua kwa mtu ambaye hakujua alicho nacho. Nadhani alinihurumia. Ni kitu kibaya zaidi alichowahi kunifanyia.

Kisha baba mkubwa akavaa kofia yake, inanuka omena, akasema tu: "Haya, Mathews. Beba."

Mama alikuwa ameshazipanga nguo zangu.

Jumatano, 26 Machi

Pap Onditi. Naandika juu ya gunia. Unga kwenye kope, kama nilivyotabiri. Hata utabiri ninao, watu hawaoni tu. Kinu kinanguruma kuanzia asubuhi, akina mama wanakuja na mahindi wananiuliza kama ni mimi yule wa ufunguo. Habari imefika kabla yangu. Baba mkubwa hasemi mengi. Asubuhi ananipa ufunguo wa kinu, jioni anauchukua. Ndio ule aliouchonga Wakhisi, maana kufuli lile ni la kinu.

Malkia ilibaki Kisumu. Mama anaitumia kukandamiza mfuniko wa pipa la maji.

Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Jana sikula. Halafu leo amekuja mzee mmoja na debe la mtama, akasimulia kwamba Jumamosi hii kule Sondu kuna mnada wa mali ya marehemu, fundi wa kila kitu, na kanisa ndilo linasimamia. Nikamuuliza, polepole, kama kuna mashine ya funguo. Akasema iko moja, nyeusi, haijaguswa miaka mingi.

Nyeusi! Hiyo ni Rais!

Nina saa, nina viatu vya Jumapili, na mwenye duka hapa amevitazama viatu hivyo mara mbili. Safari hii sitaki kuchelewa wala kuzidiwa na mtu. Mchungaji akifungua tu mdomo, mkono wangu utakuwa wa kwanza juu.